Mguu umerudi, moyo bado: homoni, mwenendo wa maisha na sonona baada ya kiharusi

Mjomba wangu ni fundi baiskeli pale Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zetu za namba. Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo fundi hakai peke yake hata dakika tano: huyu kaleta pancha, yule mnyororo umemkatikia, wa tatu hana shida yoyote ila kapita kupiga soga. Kiharusi kilimkuta alfajiri akichukua udhu. Upande wa kulia ukalegea, mdomo ukapinda, kopo likamtoka mkononi. Akakimbizwa hospitali, akalazwa, akarudi. Mwezi wa tatu alikuwa anatoka chumbani hadi uani kwa mkongojo, na mgeni akija kumjulia hali tunamjibu kwa furaha, "Alhamdulillahi, anaendelea vizuri."

Hakuwa anaendelea vizuri. Mguu ulikuwa unarudi huku mwenyewe anatuondokea. Chakula anakigusa na kukisukuma. Usiku yuko macho, mchana kajilaza kauelekea ukuta. Coastal Union wakicheza, redio haitaki. Mafundi wenzake walikuja mara mbili tatu, akawageuzia uso, nao wakaacha kuja. Nyumbani kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Mmoja alisema amesusa. Mwingine alisema hana subira na mtihani aliopewa. Mama yangu, ambaye ni dada yake, alishikilia kwamba upepo uliompiga haujamtoka wote, atafutwe mtu wa kumsomea. Kliniki tulikompeleka walimpima presha, wakaandika dawa zilezile, wakatuaga. Hakuna aliyemuuliza moyo wake ukoje, na sisi hatukujua kuwa hilo nalo ni jambo la kupeleka hospitali.

Alichokuwa nacho kina jina: sonona ya baada ya kiharusi. Ni ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, na si nadra. Tafiti za nchi mbalimbali zikijumlishwa, karibu mtu 1 kati ya 3 waliopatwa na kiharusi huipata wakati fulani. Huko Denmark, ambako kumbukumbu za hospitali huwekwa kwa nchi nzima, watafiti walifuatilia wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 135,000. Karibu robo yao walipata sonona ndani ya miaka 2, na zaidi ya nusu ya hao ilianza katika miezi 3 ya mwanzo. Kwa watu wa kulinganishwa nao ambao hawakuwa na kiharusi, walioipata hawakufika 8 kati ya 100.

Na kiharusi chenyewe tunacho kwa wingi. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, tofauti za umri zikisawazishwa, kiwango cha kiharusi Dar es Salaam kilikaribia mara 3 ya kile cha Hai, na kilizidi hata vya nchi nyingi tajiri. Mwambao wetu huu wenye presha nyingi zisizopimwa hauna sababu ya kujidhania salama.

Si kila chozi ni sonona

Kabla ya kuingia kwenye homoni, kuna mambo matatu yanayofanana kwa macho ambayo lazima yatenganishwe, kwa sababu familia nyingi huyachanganya na hata wahudumu wa afya wakati mwingine.

La kwanza ni sonona yenyewe. Moyo unakuwa mzito, au mtu anakosa raha ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Humo ndani kuna kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, hamu ya kula kupotea, kujilaumu, kujiona mzigo, mawazo kutotulia.

La pili ni kilio kisichozuilika. Kiharusi kinaweza kukata njia ambazo ubongo huzitumia kudhibiti kilio na kicheko. Mtu anasalimiwa tu, machozi yanambubujika. Ukibadilisha mazungumzo yanakauka, naye ukimuuliza kama alikuwa na huzuni anashangaa: hapana, hata yeye hajui yametoka wapi. Huyo si lazima awe na sonona, ingawa anaweza kuwa na vyote viwili. Ana aibu kubwa, hasa mwanamume wa makamo aliyezoea kuonekana jabali, na watu wakijua kuwa ni njia ya ubongo iliyokatika aibu hiyo inapungua sana.

La tatu ni kupoa. Mtu hana huzuni, hana kinyongo, ila ule msukumo wa kuanza jambo umezimika. Ukimwambia inuka atainuka. Usipomwambia atakaa hapohapo mpaka magharibi. Huyu ndiye anayeitwa mvivu, na jina hilo humdhulumu.

Aliyepoteza kauli ndiye anayesahaulika kuliko wote, maana sonona hupimwa kwa maswali naye hawezi kujibu. Kwake tunatazama: anakula? Anakutazama usoni unapoingia? Anakataa mazoezi aliyokuwa anayakubali wiki iliyopita?

Jeraha lina mkono wake

Kiharusi ni mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka, na sehemu iliyokosa damu hufa. Ndani ya ubongo kuna nyuzi ndefu zinazotoka kwenye shina, juu kidogo ya shingo, zikipanda mpaka sehemu za mbele. Nyuzi hizo ndizo zinazosambaza kemikali kama serotonini, dopamini na noradrenalini, ambazo zina kazi katika hamu, raha na usingizi. Zikikatwa njiani, kule mbele panakauka, kama shamba lililo mwisho wa mfereji uliobomoka katikati.

Hapo zamani ilionekana kana kwamba jibu limepatikana. Daktari wa Marekani Robert Robinson na wenzake walitoa hoja kwamba jeraha likiwa upande wa kushoto, mbele, sonona huwa kali zaidi. Nadharia hiyo ilitawala kwa miaka mingi. Kisha mwaka 2000 jarida la Lancet likachapisha mapitio ya tafiti zilizokuwapo, na yalipojumlishwa hayakuonyesha kwamba mahali pa jeraha peke yake panaamua nani atapata sonona. Watu wawili wenye picha za ubongo zinazofanana wanaweza kwenda njia mbili tofauti kabisa, na hapo ndipo macho ya watafiti yalipogeukia mwili mzima.

Kotisoli, homoni isiyojua kuzimika

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Hatari ikitokea, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huipa ishara tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo pituitari huziamrisha adrenali zimwage kotisoli. Homoni hii si adui. Inapandisha sukari kwenye damu, inaamsha mwili, inakupa nguvu ya kukimbia au kupambana. Kwa mtu mzima wa afya ina ratiba: iko juu asubuhi baada ya kuamka, inashuka mchana kutwa, na karibu na usiku wa manane iko chini kabisa, mtu alale.

Kiharusi ni hatari kubwa kuliko nyingi mwili utakazowahi kuzikuta, kwa hiyo kotisoli hupanda, na siku za mwanzo hilo ni la kutarajiwa. Shida ni kushuka. Kwa kawaida ikishatosha, ubongo huhisi na kuufunga mlolongo ule. Moja ya sehemu zinazofanya kazi hiyo ya breki ni hipokampasi, iliyo ndani ya ubongo na ambayo pia hutunza kumbukumbu. Kwa baadhi ya wagonjwa breki inalegea. Wakipewa dawa ya kupimia iitwayo deksamethasoni, ambayo kwa mtu mwingine ingeishusha kotisoli, kwao haishuki ipasavyo. Kotisoli ikikaa juu muda mrefu inaidhuru hipokampasi yenyewe, yaani ile breki. Mtu anateremka mlima na kila anavyoongeza kasi ndivyo raba za breki zinavyozidi kuisha.

Mjomba aliponieleza baadaye jinsi usiku wake ulivyokuwa, nilielewa. Alisema saa saba za usiku moyo ulikuwa unamwenda mbio kana kwamba kuna mtu anagonga mlango, na asubuhi, saa ambayo wengine wanaamka na nguvu, yeye alikuwa kama gunia. Sikumpima homoni na siwezi kudai kwamba ile ilikuwa kotisoli. Lakini ndivyo ratiba iliyovurugika inavyomfanya mtu ajisikie.

Kuna na mkono mwingine unaosukuma mlolongo huohuo. Ubongo ukijeruhiwa, kinga ya mwili huwaka kwenda kusafisha jeraha, na seli zake hutoa kemikali za kupeana habari ziitwazo saitokini. Kemikali hizo huamsha kotisoli zaidi. Vilevile huchochea kimeng'enya kimoja kinachoigeuza triptofani. Triptofani ni kirutubisho tunachopata kwenye samaki, mayai, kunde, karanga, na mwili huitumia kutengeneza serotonini. Saitokini zikizidi, triptofani inaelekezwa njia nyingine na kuwa kinurenini, na baadhi ya vinavyozaliwa na kinurenini vina madhara kwa seli za ubongo. Ni kama nazi iliyokunwa kwa ajili ya tui la wali, mtu akapita akaichukua kwenda kukamulia mafuta. Nazi haikupotea, ila chungu cha wali kimekosa tui.

Tezi ya shingo, ukomo wa hedhi, jua

Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, nitaitaja kwa msisitizo kwa sababu inapimika na inatibika. Ikifanya kazi chini ya kiwango, mtu anakuwa mzito, anahisi baridi wakati wengine wanatoka jasho la kaskazi, choo kinakuwa kigumu, kumbukumbu inafifia, moyo unasinyaa. Ukimtazama utaapa ni sonona. Kipimo ni cha damu na dawa ni kidonge cha kila siku. Ila kipimo kikifanywa siku zilezile za kulazwa kinaweza kupotosha, kwani ugonjwa wowote mkali hushusha homoni hizo kwa muda. Kama hali inaendelea wiki na miezi baada ya kutoka hospitali, ni haki yenu kumuuliza daktari kama thairoidi imepimwa.

Wanawake hupata sonona ya baada ya kiharusi zaidi ya wanaume katika tafiti nyingi. Oestrojeni, homoni ya kike inayoshuka hedhi inapokoma, ina uhusiano na serotonini, kwa hiyo wengi hudhani kumrudishia mama homoni hiyo kutamrudishia na moyo. Hapa tahadhari ni kubwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowapa wanawake waliokoma hedhi vidonge vya oestrojeni pamoja na projestini ulisimamishwa mwaka 2002, na moja ya madhara yaliyoonekana ni kuongezeka kwa kiharusi. Homoni kuhusika katika hali ya moyo hakuifanyi kuwa dawa ya hali hiyo. Na kwa mwanamke wa kwetu, mbali na homoni, kuna jambo lisiloandikwa kwenye cheti: yeye ndiye aliyekuwa anawahudumia wote, na siku aliyoanguka hakuna aliyezoea kumhudumia yeye.

Vitamini D nayo hufanya kazi mwilini kama homoni, na ngozi huitengeneza kwa jua. Tafiti kadhaa zimekuta wagonjwa wa kiharusi wenye sonona wana kiasi kidogo zaidi. Mtu wa Tanga akisikia hivyo atacheka: jua tunalo mpaka tunalikimbia. Lakini tazama tunavyomtunza mgonjwa. Tunamweka chumba cha ndani, pazia limeshushwa, asipigwe na upepo, asionwe na wapitao akiwa katika hali ile. Miezi sita. Ngozi nyeusi inahitaji jua la muda mrefu zaidi kuliko nyeupe, na yeye halipati kabisa.

Sasa swali gumu linaanza. Je, amesononeka kwa sababu vitamini D imepungua, au imepungua kwa sababu amesononeka na hatoki? Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu zaidi ya 18,000 wa miaka 50 na kuendelea kwa takriban miaka 5. Nusu walipewa vidonge vya vitamini D, nusu vidonge visivyo na kitu. Vidonge havikuzuia sonona. Hao hawakuwa wagonjwa wa kiharusi, lakini somo linatuhusu: kitu kinaweza kuandamana na sonona bila kuwa ndicho kinachoileta. Mtoe mgonjwa nje, ndiyo, tena leo. Jua ni zuri, na nje kuna watu. Usitumie fedha ya nauli ya fiziotherapia kununulia chupa za vidonge vinavyotangazwa mitaani.

Maisha ya kila siku, na mshale unaoelekea pande mbili

Swali hilohilo la mshale unaelekea wapi linarudi kila tunapozungumzia mwenendo wa maisha. Nalisisitiza kwa sababu orodha za "visababishi" zikisomwa vibaya zinageuka fimbo ya kumchapia mgonjwa: hukufanya mazoezi, ulivuta sigara, ulikula chumvi, ndiyo maana uko hivyo. Sonona inanyang'anya hamu ya kutembea, na kukaa kunaongeza sonona. Ukimlaumu kwa kukaa unamlaumu kwa dalili.

Usingizi ndio ningeanza nao. Kukatika pumzi usingizini ni jambo la kawaida mno baada ya kiharusi. Tafiti nyingi hulikuta kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Mtu anakoroma, pumzi inasimama, kimya, kisha anashtuka kama aliyezama na kuibuka. Hutokea mara nyingi kwa usiku mmoja naye hakumbuki. Mwili ukishtushwa hivyo usiku kucha hautulii, presha haishuki, na asubuhi kichwa kinauma. Mke wa mjomba alikuwa akituambia anavyoisikilizia ile pumzi gizani, akihesabu. Hatukujua kwamba alichokuwa akihesabu ni habari ambayo daktari angeihitaji. Kumlaza ubavu badala ya chali husaidia baadhi ya watu, na usingizi wa mchana uwe mfupi.

Mazoezi yana ushahidi mzuri zaidi kuliko mengi. Misuli inayofanya kazi husaidia insulini kuingiza sukari kwenye seli, hupunguza ule mwako wa kinga, na huongeza protini moja inayolisha seli za ubongo ziweze kujenga miunganiko mipya. Kwa waliopata kiharusi, programu za mazoezi zimeonekana kupunguza dalili za sonona, ila faida hufifia mazoezi yakikoma. Kwa hiyo vikao kumi vya fiziotherapia na kurudi kitandani havitoshi. Kuzunguka ua mara tatu asubuhi na mara tatu alasiri kila siku, hata kwa kushikiliwa, kunashinda safari moja ya bajaji kwa mwezi.

Kisukari na sonona vinavutana kwa pande zote mbili: mwenye kimoja yuko karibu zaidi na kingine. Pombe, ikiwemo tembo la mnazi, humpa mtu saa mbili za kusahau na kumharibia usingizi wote uliobaki. Sigara vivyo hivyo. Mvutaji husema inamtuliza, lakini walioacha, wakifuatiliwa, huonekana kupungukiwa na wasiwasi na huzuni.

Chakula ndipo tulipokosea zaidi sisi, tena kwa mapenzi. Tuliambiwa chumvi ipungue, na ilikuwa sahihi, kwani papa mkavu na achari za kwetu zina chumvi ya kutisha. Basi tukawa tunampikia chungu chake, tunampakulia sahani yake, tunampelekea chumbani. Sinia letu tunakula uani tunacheka. Miezi miwili mtu aliyekula sinia moja na watoto wake miaka thelathini anakula peke yake chakula kisicho na ladha, akisikiliza vicheko. Tulipotambua, tulipunguza chumvi kwenye chungu cha wote. Limau, ndimu, tangawizi na pilipili kidogo vinaziba pengo hilo kuliko unavyodhani, na presha za wengine nazo zinafaidika.

Kuna na stara. Mzee anayeogeshwa na binti yake, au anayepelekwa msalani na mkwe, anapoteza kitu ambacho hakuna kipimo cha damu kitakachokionyesha. Mjomba alikaa wiki nzima hali chakula cha usiku, na baadaye tukajua ni kwa sababu hakutaka kuamsha mtu ampeleke chooni. Kiti chenye tundu, ndoo, na mjukuu wa kiume wa kumshika mkono vilitatua jambo ambalo sisi tuliliita kususa. Ibada pia: alidhani kwa kuwa hawezi kusujudu basi sala imempita, mpaka shekhe wa msikiti alipokuja kumkumbusha kwamba mgonjwa husali kwa kukaa, au hata kwa kulala. Mama alikuwa amemwita shekhe kwa ajili ya upepo. Alichokileta kikawa kingine, na kilisaidia.

Katika mapitio ya tafiti, vinavyojirudia kuwa na uzito zaidi ni hivi: ulemavu uliobaki ni mkubwa kiasi gani, kama mtu aliwahi kuwa na sonona kabla ya kiharusi, na kama ana watu wa kumshika mkono. Homoni zinaeleza njia ambayo mateso hupita mwilini. Upweke, kupoteza kazi na kujiona mzigo ni mateso yenyewe yanayopita njia hiyo, maana kotisoli hupanda vilevile kwa jeraha la ubongo na kwa kudharauliwa. Ndiyo maana siamini wanaotenganisha "ugonjwa wa mwili" na "mawazo tu".

Dawa, na mazungumzo

Dawa za sonona zipo na zinasaidia wengi. Palikuwa na tumaini kwamba dawa iitwayo fluoksetini ingempa kila mgonjwa wa kiharusi nafuu ya viungo pia. Utafiti wa Uingereza ulioitwa FOCUS, uliotolewa mwaka 2018, uliwapima wagonjwa 3,127 kwa miezi 6. Nafuu ya viungo haikuongezeka. Sonona mpya zilipungua kidogo: takriban 13 kati ya 100 kwa waliomeza fluoksetini, dhidi ya 17 kwa wasiomeza. Lakini mifupa iliyovunjika iliongezeka, karibu 3 kati ya 100 dhidi ya mmoja na nusu. Kwa hiyo haifai kugawiwa kila mtu kama kinga. Anayeihitaji ni aliyechunguzwa na kukutwa na sonona, naye alindwe asianguke.

Amitriptilini, ambayo ni ya zamani na bei yake ni nafuu, inaweza kumletea mzee kizunguzungu, kufunga choo, kuzuia mkojo na kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo isinunuliwe dukani kwa ushauri wa jirani. Anayemeza aspirini amwambie daktari, maana ikichanganywa na fluoksetini hatari ya kutoka damu huongezeka. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi. Wengi huziacha siku ya kumi wakisema hazifai. Na mgonjwa anayetaka kufunga Ramadhani apange saa za dawa zote na daktari kabla mwezi haujaandama.

Mazungumzo ni tiba, si maneno ya kufariji tu. Mjini Harare, Zimbabwe, bibi wa mtaani waliofundishwa hukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, wakimsaidia mtu achague tatizo moja, atafute hatua moja, arudi wiki ijayo. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha dalili za waliokaa kwenye benchi hilo zilipungua kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Hawakuwa wagonjwa wa kiharusi, lakini nilipousoma niliwaza baraza zetu, za saruji, na muuza kahawa anayepita na kashata. Samani tunayo tayari.

Aliyetufungua macho ni muuguzi mmoja wa zahanati. Alimuuliza mjomba maswali mawili tu: Kwa wiki mbili hizi, umekuwa ukikosa hamu au raha ya kufanya mambo? Umekuwa ukijisikia mnyonge, mwenye huzuni au uliyekata tamaa? Mjomba aliinamisha kichwa. Kisha muuguzi akauliza swali la tatu, ambalo sisi tusingethubutu: je, huwa unawaza kwamba ni afadhali ungekufa? Nilitaka kumzuia. Mjomba akasema ndiyo, na ilikuwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Kumuuliza mtu swali hilo hakumpandikizii wazo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, dawa zote ziwekwe mbali naye, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maneno kama "nimekuwa mzigo" au "bora Mungu anichukue" yasipokelewe kwa "usiseme hivyo" na kuishia hapo.

Thairoidi yake ilipimwa ikakutwa salama. Alianzishiwa dawa. Kitanda kilihamishiwa chumba cha mbele, na kila alasiri baada ya kusali anatolewa barazani. Mkono wa kulia haujarudi vizuri mpaka leo. Kilio kikimjia, hakuna anayeinuka kumpa kitambaa kwa fadhaa; tunasubiri kipite. Juzi kijana alikuja na gurudumu linaloyumba, akaanza kuligonga kwa nyundo pale ukingoni. Mjomba alimtazama kitambo, kisha akanyoosha mkono wa kushoto. "Lete hapa, mwanangu. Ringi haina kosa. Ni spoku mbili zimelegea."